Ile Moja Iliyobaki

Kazi yangu ilikuwa kukata nyama za watu. Ndivyo nilivyowajibu wapangaji wenzangu pale Mwanza waliponiuliza nafanya nini hospitalini, wakanyamaza, na mimi nikapumzika na maswali yao. Sikuwa daktari wala nesi. Nilikuwa fundi wa maabara, wa kile chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, kinachonuka dawa ya kuhifadhia viungo. Kipande kilichotolewa mwilini kinaletwa ndani ya kichupa. Mimi nakitoa maji, nakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikiganda nakikata kwa mashine yenye kisu, vipande vyembamba hata ukivipumulia vinaruka. Navilaza juu ya kioo, navitia rangi, nampelekea daktari msomaji. Yeye anaandika jina la ugonjwa, mimi naosha vyombo.

Lakini macho ninayo. Hakuna aliyenikataza kuchungulia kwenye hadubini kabla ya kupeleka, na nilichungulia kila siku. Vinyama nilivyovipenda zaidi, kama kupenda ndilo neno lake, ni vya sehemu za uzazi. Ini ni ini, leo na kesho. Ukuta wa mji wa mimba hauna wiki mbili zinazofanana. Kipande kilichochukuliwa siku chache baada ya hedhi utakuta seli zake zimo mbioni: hii imevimba kiini, ile inajigawa nusu kwa nusu, na vinyuzi vya ndani vimejipanga katikati kama watu wanaovutana kamba. Cha wiki ya tatu, kimya. Zimeacha kugawanyika, zinatengeneza utomvu, zinasubiri mgeni ambaye mara nyingi haji.

Mwalimu wetu chuoni alitueleza kwamba seli hizo hazijiamulii kitu. Amri inatoka mbali, kwenye ovari, inasafiri ndani ya damu, inaingia kwenye seli na kuiambia jigawe. Baadaye inakuja homoni nyingine kuiambia basi, inatosha. Na kwa mwanamume vilevile: korodani zinatuma homoni yao, na tezi dume, ile tezi iliyokaa chini ya kibofu, inakua kwa kuitii. "Acheni kuitazama seli peke yake," alisema. "Mtazameni anayeituma." Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari, nikafaulu mtihani. Kufaulu si kuelewa, ndugu zangu.

Aliyeelewa, tena bila daftari, ni baba yangu.

Baba alikuwa mhasi wa ng'ombe. Kijiji chetu kiko ng'ambo, upande wa Sengerema. Unavuka kwa kivuko mpaka Kamanga, halafu unapanda baiskeli mpaka makalio yanakufa ganzi. Kule kwetu ng'ombe ndiye trekta, na dume hafungwi nira. Dume ana mambo yake. Ukitaka alime, lazima ahasiwe awe maksai, na mwenye ndama dume aliyekaribia umri wa kulima alimwita baba. Alikuwa na koleo kubwa la chuma, lenye mikono mirefu kama mpini wa jembe, alilopewa na bwana mifugo mmoja aliyestaafu. Alilipaka mafuta na kulifunga kwenye gunia, akalilaza chini ya kitanda chake. Sisi watoto tulikuwa watatu, wote wa kike, na mimi ndiye wa kwanza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba gunia.

Wanawake walisema mtoto wa kike hakai panapohasiwa ng'ombe. Baba akawajibu, "Huyu ni mama yangu. Mama yangu atakaa anapotaka." Nilirithi jina la mama yake mzazi, na hajawahi kuniita kwa jina. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu nikiwa mchanga mpaka siku ya mwisho.

Wanaume wanne walimwangusha dume na kumfunga miguu. Baba alichuchumaa, akapapasa juu ya ngozi ya mfuko wa kende mpaka vidole vyake vikaupata mshipa ulioshuka kutoka tumboni. Akausogeza pembeni, akaufunga ndani ya meno ya koleo, akabana. Kacha. Hapakuwa na damu wala kidonda. Halafu upande wa pili, peke yake, vilevile. Hakubana pande zote mbili kwa mara moja hata mwenye ng'ombe awe na haraka gani. Baada ya wiki kadhaa kende zilisinyaa zenyewe ndani ya mfuko, na dume akawa mtulivu, akanenepa, akawa wa kulima.

Mara moja tu alikosea. Mvua ilikuwa inakuja, watu wanapiga kelele amalize, na mshipa wa pili ukamponyoka bila yeye kujua. Upande mmoja ulikauka, wa pili ukabaki umejaa vilevile. Mwenye ng'ombe akamfunga nira, akampeleka shambani. Mama wee! Yule dume alimwona mtamba wa jirani ng'ambo ya majaruba, akavunja nira, akamburuta mwenzake na plau kwenye mpunga wa watu. Baba alirudi pale mbele ya kijiji kizima, akaomba radhi, akambana tena. Njiani nyumbani, gunia likiwa kichwani mwangu, alisema kwa hasira ambayo haikunilenga mimi: "Kende moja ni dume mzima, mayu. Hakuna nusu dume. Ile iliyobaki inafanya kazi ya mbili."

Walikuwepo watu waliomwomba makusudi abakize moja. Walitaka ng'ombe wa kulima na wa kupanda kwa wakati mmoja. Baba aliwafukuza. "Unataka kula na kubakiza? Katafute mhasi mwingine, mimi sichezi na kazi."

Na siku tulipochinja maksai wa zamani kwa ajili ya arusi, na mwezi huohuo dume aliyevunjika mguu, aliniita kando ya kichinjio, akanionyesha kwa ncha ya kisu tezi zilizo karibu na kibofu. Za dume zilikuwa nene, zimejaa. Za maksai zilikuwa zimenywea hata nisingeziona kama asingenionyesha. "Ya nje ndiyo inayolisha ya ndani," akasema. "Ukikata ya nje, ya ndani inalala." Nilikuwa na miaka kumi hivi. Somo zima la yule mwalimu wangu wa chuo nilikuwa nimekwisha kufundishwa nikiwa nimeshika beseni la utumbo.

Basi ikaja ile miaka ya soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika sasa inanunuliwa na yeyote mwenye mizani na gari. Ufukweni Mwanza viwanda vya minofu ya sangara vinaota, na sisi wa mjini tunagombea mapanki, yale mafupa yenye kichwa. Maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona, mengine muuzaji wake jana alikuwa anauza sabuni. Baba alipokuja kunitembelea alitazama yote hayo akasema, "Kila kitu kimefunguliwa kamba." Hakusema zaidi. Alikuwa anakwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi na kurudi amekunja uso, na mimi, mfanyakazi wa hospitali, nikadhani ni uzee.

Msimu uliofuata majirani walimleta mkojo ukiwa umegoma kabisa. Alikuwa ameshika tumbo, jasho linamtiririka, na bado akataka nimwamkie kwanza. "Shikamoo baba." "Marahaba, mayu." Halafu ndipo akalia.

Walimwekea mpira wa mkojo, na wiki ile wakamfanyia upasuaji wa kwanza: kukwangua tezi ili njia ipite. Vinyama vilivyokwanguliwa vikaletwa kwangu ndani ya kichupa, na jina la baba yangu limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Mwenzangu alisema nimwachie yeye. Nikamkatalia. Nilivikata mwenyewe, nikavitia rangi mwenyewe, nikaviweka chini ya hadubini kabla ya mtu yeyote.

Sikuhitaji kusomewa. Tezi dume yenye afya ina mpangilio, seli zimezunguka vijitundu vyake kwa adabu, na ni nadra kukuta moja inayojigawa. Hizi zilikuwa zimesahau vijitundu. Zilikuwa zimerundikana, viini vimevimba, na popote nilipousogeza ule mwanga nilikuta moja iliyoshikwa katikati ya kujigawa, na nyingine pembeni, na nyingine. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Kila moja ilikuwa inatii amri inayotoka kwenye mwili wa baba yangu mwenyewe, amri ileile iliyonizaa mimi na wadogo zangu. Nikapeleka vioo kwa msomaji, nikaenda chooni nikalia.

Daktari mpasuaji aliniita. Alikuwa mtu wa maneno machache, muungwana. Akaniambia kansa imekwisha kutoka kwenye tezi, imeingia mifupa ya kiuno. "Hatutamponya, dada. Lakini hizi seli zinalishwa na homoni ya korodani. Tukitoa korodani zote mbili, nyingi zitaacha kugawanyika na zitasinyaa. Anaweza kukaa muda mrefu bila maumivu, akatembea, akalima." Nikauliza kama hakuna dawa. Akasema viko vidonge vya homoni ya kike, leo unavikuta kwenye duka moja, kesho havipo, tena vinamwotesha mwanamume matiti. "Zungumza na mzee. Akikubali, kesho kutwa tunafanya."

Zungumza na mzee! Alisema kirahisi kweli. Kwetu mtoto wa kike hataji uchi wa baba yake. Nilikaa kando yake nikiwa mtoto tukizungumza kende za ng'ombe mchana kutwa, lakini za kwake ni jambo jingine kabisa. Hata kufikiri nilifikiri nimeinamisha uso. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Kaka sina. Baba wadogo wako kijijini, na kesho kutwa ni kesho kutwa.

Nikamkumbuka mtani wake. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi, fundi baiskeli karibu na soko, na yeye na baba walikuwa wametukanana kwa furaha tangu kabla sijazaliwa. Msukuma na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na huruhusiwi kukasirika. Nikaenda nikamweleza nikiwa natazama spoku za magurudumu. Akasikiliza, akafuta mikono, akasema, "Mficha uchi hazai, binti. Nitamwambia."

Nilisimama nje ya dirisha la wodi. Niliyasikia yote.

"We mzee, umehasi ng'ombe za watu miaka yote hiyo," mtani akaanza kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "sasa ng'ombe wamekushtaki. Hukumu imetoka. Keshokutwa zamu yako."

Wagonjwa wakacheka. Baba naye akacheka, nikamsikia anakohoa kwa kucheka. "Watanibana na koleo langu?"

"Lako limeshika kutu. Wazungu wana lao."

"Basi mwambie huyo bwana mkubwa aniachie moja."

"Moja ya nini, mzee mzima? Ya kupimia pamba?"

"Moja!" baba akasema, na wodi ikalipuka kwa kicheko. Kicheko kikaisha. Nikasikia mtani akishusha sauti, akimweleza kwa utaratibu: ugonjwa, mifupa, ile homoni.  Baba akasema vilevile, "Moja," na safari hii hakuna aliyecheka.

Mtani alitoka amekunja uso. "Amekubali. Lakini anasema moja. Mimi sijui kama ni utani au ni kweli. Sisi tukianza kutaniana hata wenyewe hatujui tunapomalizia. Ingia ukamwulize mwenyewe, wewe ni mtoto wake."

Sikuingia. Ningeweza kusema niliogopa kumvunjia heshima, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba limepatikana jibu ambalo halinilazimishi kumtazama baba usoni na kumwambia uwe maksai. Nikalichukua lile neno moja, nikakimbia nalo kwa daktari.

"Moja ni kazi bure," daktari akasema. "Ile itakayobaki itatengeneza homoni ya kutosha kabisa."

Nikamwambia ndivyo alivyokubali. Nikamwambia ni mzee wa mila, akilazimishwa atatoroka, na tukianza na moja, baada ya miezi michache atakuwa amezoea wazo, nitamleta kwa ya pili. Nilisema kama mwanasheria. Akaweka kalamu chini. "Umemweleza kwamba moja haitoshi?"

"Nimemweleza," nikasema.

Huo ndio uwongo wangu. Nimewahi kudanganya mambo mengine maishani, umri wangu, mahali nilipokuwa jioni fulani, lakini huo ndio wenye jina langu. Daktari hakupenda. Akaandika kwamba ni hatua ya kwanza, baba akaweka dole gumba bila kuuliza kitu, na wakatoa moja.

Vinyama vya korodani ile vililetwa kwangu pia. Nilivikata vizuri sana.

Baba akarudi kijijini. Njia ya mkojo ilikuwa imekwanguliwa, kwa hiyo alikuwa anakojoa kama kijana, na mwenyewe na kijiji kizima wakaamini kwamba operesheni ya kende moja ndiyo iliyomponya. Watani wakamwita nusu maksai. Alikula, alinenepa kidogo, alilima.

Na mimi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilivuka kwenda Kamanga na mkate, sukari na majani ya chai, na sentensi moja mdomoni: baba, inabidi ile nyingine nayo itoke. Niliifanyia mazoezi kwenye kivuko, nimeshika ukingo, natazama yale magugumaji yaliyokuwa yamefunika ziwa miaka ile mpaka kivuko kinalia kikiyapita. Niliifanyia mazoezi kwenye baiskeli. Nikifika, baba amekaa kivulini kwa nyumba anasuka kamba ya nira. "Shikamoo baba." "Marahaba, mayu. Mjini kuna nini?" Namweleza mapanki yamepanda bei. Anacheka. Sentensi inarudi chini kama tonge kubwa, namalizia chai, naaga.

Mara nyingine alinitazama kwa namna fulani, kimya, kamba imetulia mapajani mwake. Nilidhani amechoka. Sasa najua alikuwa ananisubiri.

Kule maabara, kioo kimoja cha vinyama vya baba nilikuwa nimekificha kwenye droo yangu. Siku za kazi chache nilikitoa nikakitazama. Seli zile zilikuwa zimekufa, zimekaushwa, zimepakwa rangi, zimeganda katikati ya kujigawa na hazitamaliza kamwe. Wenzao walio hai walikuwa ng'ambo ya maji, kwenye kiuno chake, na ile moja iliyobaki ilikuwa inawatumia amri mchana na usiku bila kuchoka. Nilijua. Hakuna mtu Mwanza nzima aliyejua vizuri kuliko mimi. Nilijua kwa kitabu, nilijua kwa hadubini, nilijua kwa gunia nililolibeba kichwani.

Mvua za kwanza za kulima zilipokuja, zikaja na habari kwamba baba ameanguka nyuma ya plau. Ng'ombe waliendelea mbele na mfereji, yeye akabaki amelala kwenye tope, miguu haimsikii. Kumbe mgongo ulikuwa unamuuma kwa miezi, akikaza meno na kujifunga kitambaa kiunoni. Walimvusha juu ya godoro, nyuma ya pikapu, na kivukoni watu walisogea kumtazama. Nilimpokea upande wa mjini. Kila gari liliporuka shimo alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu. Kwa dume aliyelala chini nilikuwa nimeisikia.

Daktari yuleyule alimpima, akagusa miguu kwa sindano, akaniita pembeni. Kansa ilikuwa imekandamiza uti wa mgongo. Akauliza, "Ile ya pili mbona hamkuja?" Nikatazama viatu vyangu. Hakurudia swali.

Jioni ile baba aliwaomba majirani watoke. Akaniambia nikae, si kwenye stuli, kitandani, karibu. Halafu akaivunja ile mila kwa mkono wake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mayu, unamkumbuka yule dume aliyevunja nira?"

"Namkumbuka, baba."

"Nilikuambia nini njiani?"

 Nilisema nikitazama shuka. "Kende moja ni dume mzima."

"Ehe." Akapumzika, maumivu yakapita usoni kwake, akaendelea. "Yule Mnyamwezi aliponitania na mimi nikatania. Nikasema moja. Aliponieleza vizuri nikasema tena moja. Nilikuwa naogopa, mayu. Mwanamume anaogopa. Lakini nikajiambia, mtoto wangu yuko hapo nje, nimeona gauni lake dirishani. Ataingia sasa hivi aniambie, baba, tafuta mhasi mwingine."

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Nikasubiri uingie ukatae. Nikamwona daktari anakuja na karatasi, wewe huingii. Nikasema basi, huyu ndiye aliyesoma, pengine kwa watu ni tofauti na kwa ng'ombe."

Nikamwambia nisamehe, baba. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Baba hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mahali palepale lilipokuwa linakaa gunia, akasema, "Sasa nenda kamwambie amalizie kazi."

Walimtoa ile ya pili asubuhi iliyofuata. Niliomba kichupa chake kisiletwe kwangu, mwenzangu akakipokea.

Daktari alinionya kwamba miguu haitarudi, imechelewa. Kuhusu mengine alisema tungoje. Hatukungoja sana. Siku ya tatu baba aliacha kuuma shuka. Siku ya nne aliomba uji, halafu akaulaumu kwamba hauna sukari. Ilipotimia wiki alilala usingizi mtupu, mdomo wazi, bila kuguna, na manesi wakaja kuangalia kama mzee yu hai kwa sababu wodi ile haikuwa imezoea kumsikia akiwa kimya. Mwilini mwake, mle nisimoweza kuchungulia, zile seli zilikuwa zimekosa wa kuzituma.

Aliamka mchana, jua limeingia mpaka kwenye blanketi. Nilikuwa nimemletea sato wa kuchemsha na ugali. Akala, akalamba vidole, akajinyoosha upande wa juu wa mwili, akausikiliza mgongo wake kama mtu anayesikiliza kama mvua imekatika. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu kabla ya ile operesheni ya kwanza.

"Haiumi," akasema.

"Haiumi, baba?"

"Hata kidogo." Akatazama dari, akahesabu kitu kimoyomoyo, misimu labda, safari zangu labda, ile mikate. "Kumbe ilikuwa ni hivi tu, mayu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ilikuwa ni hivi tu."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akasema amesikia usingizi tena, anataka kulalia upande wa dirishani. Mabega aligeuza mwenyewe. Miguu nilimgeuzia mimi.